Risasi isiyohitaji bunduki: Hatari za kusubu madini haya nyumbani

Lugha ya Kiswahili imetoa neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile inayotoka katika mtutu wa bunduki. Risasi pia ni madini laini, mazito, yenye rangi ya kijivu, ambayo kwa karne nyingi yamekuwa yakiyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ili yawe hiyo risasi ya kwanza. Hata kitenzi cha kazi hiyo tunacho: kusubu. Ili msomaji asichanganyikiwe, katika makala haya 'risasi' itakuwa madini, na 'risasi ya bunduki' itakuwa ile inayopigwa.

Watu huiogopa risasi ya bunduki kwa sababu ina mlio. Risasi ya madini haina mlio wala harufu, na kwa sababu hiyo mtu huweza kuiyeyusha nyuma ya nyumba yake kwa miaka kumi akidhani hatari pekee ni kuungua mkono. Uzoefu wa wale wanaosubu risasi za bunduki majumbani mwao, hasa nchini Marekani, unaonyesha kwamba ajali za kazi hii ni za aina mbili. Moja hulipuka mbele ya macho ya mhusika. Ya pili hunyamaza, na mara nyingi humdhuru mtu ambaye hakuwahi kukigusa chungu.

Nchini Marekani, kusubu risasi za bunduki nyumbani ni uraibu wa tangu jadi. Sheria ya serikali ya kitaifa ya nchi hiyo haimdai raia leseni ya kutengeneza risasi kwa matumizi yake mwenyewe. Hapa Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mwananchi wa kawaida kutengeneza risasi za bunduki bila idhini. Wanaofanya kazi hiyo huko ni wawindaji, washindani wa kulenga shabaha, na wapenzi wa bunduki za kale zinazojazwa baruti kupitia mdomo wa mtutu. Wengine huingia kwa ajili ya kupunguza gharama, hasa katika vipindi ambavyo risasi ziliadimika madukani, kama ilivyokuwa mwaka 2013 na tena mwaka 2020.

Historia ya taifa hilo yenyewe imechanganyika na chungu cha risasi. Mnamo Julai 9, 1776, umati uliiangusha sanamu ya Mfalme George III jijini New York, sanamu iliyokuwa imetengenezwa kwa risasi. Sehemu kubwa ya vipande vyake ilipelekwa katika mji wa Litchfield, jimbo la Connecticut, kwa Oliver Wolcott, mmoja wa waliotia sahihi Azimio la Uhuru. Huko vilisubiwa risasi za bunduki, na hesabu iliyohifadhiwa inataja jumla ya risasi 42,088. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo walikuwa wanawake wa mji huo na watoto wa Wolcott mwenyewe. Mtoto kusimama kando ya chungu cha risasi halikuwa jambo la kumshtua mtu siku hizo.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Risasi huyeyuka katika nyuzijoto 327 za Selsiasi, kiwango ambacho jiko la kawaida la gesi hufikia bila taabu. Kwa kuwa risasi tupu ni laini mno, huchanganywa na madini ya bati na antimoni ili iwe ngumu. Mchanganyiko mmoja maarufu huwa na asilimia 90 ya risasi, asilimia tano ya bati na asilimia tano ya antimoni. Msubuji huupasha moto mchanganyiko huo hadi nyuzijoto 370 au 400, huuteka kwa upawa, huumimina katika kalibu ya chuma, husubiri ugande kwa sekunde chache, kisha hufungua kalibu na kuangusha risasi mpya. Ugumu uko katika malighafi, kwani wengi hutumia vyuma chakavu: vipande vya kusawazishia magurudumu ya magari, mabomba ya kale, na risasi zilizookotwa katika viwanja vya kulenga shabaha.

Tone la maji

Ajali ya kwanza, ile inayolipuka, huanza na kitu kidogo sana: maji. Maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700. Tone moja likianguka juu ya uso wa risasi iliyoyeyuka, kwa kawaida hurukaruka, huchemka na kutoweka. Hatari kubwa ni tone lililoingia chini ya uso huo. Huko mvuke hauna njia ya kutokea ila kwa kuisukuma risasi yote iliyo juu yake, na chungu kizima huweza kumwagwa hewani kwa kufumba na kufumbua. Kinachonyesha ni risasi yenye joto karibu mara nne ya maji yanayochemka, nayo hugandia chochote inachokiangukia.

Msomaji atauliza: maji huingiaje chini ya uso? Huingia yakiwa yamebebwa. Kipande cha chuma chakavu kilichoachwa nje usiku hushika umande katika mianya yake. Bomba la kale lililobanwa ncha zote mbili huwa na maji au hewa ndani. Upawa uliooshwa na kupanguswa haraka huwa na unyevu usioonekana. Mche wa risasi uliohifadhiwa bandani wakati wa masika huonekana mkavu, kumbe una unyevu katika nyufa. Mtu huutosa katika chungu kilichokwisha kuyeyuka, nao huzama na maji yake.

Ndiyo maana wasubuji wenye uzoefu hufuata kanuni mbili. Chuma chakavu hutiwa katika chungu kikiwa bado baridi, ili unyevu wote ukauke kabla risasi haijayeyuka. Na ikilazimu kuongeza mche baadaye, huwekwa kwanza juu ya ukingo wa chungu mpaka upate moto, ndipo uingizwe taratibu. Hawasubu mahali palipo wazi mvua ikitishia, na hawaweki kikombe cha chai wala chupa ya maji karibu na meza ya kazi.

Kuna mlipuko mwingine usiotokana na maji. Risasi zilizookotwa katika kiwanja cha shabaha huweza kuchanganyika na risasi nzima ya bunduki, yenye ganda lake na baruti yake, iliyoanguka bila kupigwa. Ikiingia katika chungu itafyatuka humo humo. Kwa hiyo kila kipande hukaguliwa kwa mkono na kwa jicho kabla ya kuingia.

Jambo la tatu ni chungu chenyewe. Lita moja ya risasi iliyoyeyuka ina uzito wa zaidi ya kilo 10. Sufuria ya alumini, ambayo ndiyo iliyo rahisi kupatikana katika jiko lolote, haiyeyuki kwa joto hilo lakini hulegea. Uzito mkubwa juu ya kitako kilicholegea ni mwaliko wa maafa: kitako hutoboka au mkono hung'oka mtu akiinua. Wanaojua hutumia chuma cha kalibu au chuma cha pua, nao hawakihamishi chungu kilichojaa.

Ajali hizi hutisha, lakini kinga yake inaonekana. Miwani ya usalama, glavu za ngozi, shati la pamba la mikono mirefu, viatu vilivyofunika mguu na suruali iliyoangukia juu ya kiatu huzuia mengi. Nguo za nailoni hazifai kwa sababu huyeyuka na kushikamana na ngozi. Aliyeungua humwagiwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hupelekwa hospitalini. Risasi iliyogandia ngozi haibanduliwi kwa nguvu, wala kidonda hakipakwi dawa ya meno. Kidonda kitauma, kitaacha kovu, na mara nyingi kitapona.

Vumbi lisilo na harufu

Ajali ya pili haina siku wala saa. Wengi wanapofikiria sumu ya risasi, hufikiria moshi unaofuka kutoka chunguni. Ni kweli kwamba risasi ikipashwa moto kupita kiasi, kuanzia takriban nyuzijoto 500, huanza kutoa mvuke wa kutosha kumdhuru anayeuvuta, na kwa hiyo hewa safi ni lazima. Lakini katika joto la kawaida la kusubu, mvuke huo ni kidogo mno. Adui mkubwa ni vumbi.

Risasi iliyoyeyuka ikikutana na hewa hujifunika utando wa kijivu. Msubuji hutia nta au unga wa mbao, hukoroga, kisha hukwangua takataka zinazoelea na kuzitupa katika kopo. Takataka hizo zikipoa huwa unga mwepesi wenye risasi nyingi, ambao huinuka kwa upepo mdogo, hutua juu ya meza, hujipenyeza chini ya kucha na kukaa katika nywele. Mtu huyo akishika sigara, mkate au kikombe kabla ya kunawa, ameila risasi. Halhisi ladha yake, hapigi chafya, na jioni hulala salama.

Tunaoishi kwa magazeti tuna undugu wa kale na ugonjwa huu, kwa kuwa herufi za kuchapishia zilikuwa zikitengenezwa kwa risasi. Benjamin Franklin, aliyekuwa mpiga chapa kabla ya kuwa mwanasiasa, alimwandikia rafiki yake barua mwaka 1786 akisimulia aliyoyaona mwaka 1724 katika karakana moja ya uchapishaji jijini London. Wafanyakazi walikuwa na mazoea ya kuzikausha herufi mbele ya moto, kisha kuzipanga zikiwa na joto. Franklin alianza kusikia maumivu katika mifupa ya mikono, na mfanyakazi mmoja mzee akamwonya kwamba angeweza kupoteza nguvu za mikono kabisa. Katika barua hiyo alikisia kwamba madhara yalitokana na chembe za risasi zilizobaki mikononi na kuingia mwilini pamoja na chakula cha watu wasionawa. Zaidi ya miaka 200 baadaye, wataalamu wa afya bado wanahimiza jambo hilo hilo: nawa mikono.

Risasi ikishaingia mwilini huzunguka katika damu kwa muda wa takriban mwezi mmoja kabla nusu yake kuondoka. Sehemu ya hiyo nusu haiondoki kabisa, bali hujificha katika mifupa, kwa kuwa mwili huichukulia kama kalisiamu. Huko hukaa kwa miongo mingi. Mwanamke aliyeipata ujanani anaweza kumpa mtoto wake akiwa mjamzito, kwani mwili unapochota kalisiamu katika mifupa huchota na risasi. Kwa mtu mzima, sumu hii hupandisha shinikizo la damu, huharibu figo, hupunguza damu, huumiza tumbo na kuathiri uzazi. Kwa kuwa dalili hizi hufanana na za maradhi mengine, mgonjwa huweza kutibiwa kwa muda mrefu bila ya chanzo kujulikana.

Kikulacho ki nguoni mwako

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa methali hiyo haihitaji fumbo. Msubuji anapomaliza kazi hutoka bandani na shati lile lile, huingia sebuleni, hukaa katika kiti na kumpakata mwanawe. Vumbi lililokuwa nguoni sasa liko juu ya kiti, juu ya zulia na juu ya shavu la mtoto. Shati likitiwa katika beseni moja na nguo za familia, nguo zote zimepata mgao wake.

Mtoto mdogo hutambaa sakafuni na hutia mikono mdomoni. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watoto wadogo hufyonza risasi wanayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya watu wazima. Ubongo wao ungali unajengwa, na risasi huvuruga ujenzi huo. Mtoto huweza kuonekana mzima kabisa, lakini akapata shida kujifunza, kutulia na kukumbuka, na madhara hayo hayarudishwi nyuma na dawa yoyote. Zipo dawa za kuondoa risasi katika damu pale kiwango kinapokuwa kikubwa, lakini haziujengi upya ubongo uliokwisha kudhurika.

Jinsi wataalamu walivyoendelea kushusha viwango vyao inaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 1991, idara ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, CDC, ilihesabu mikrogramu 10 za risasi kwa kila desilita ya damu ya mtoto kuwa kiwango cha kutia wasiwasi. Mwaka 2012 kiwango cha kumtambua mtoto anayehitaji kufuatiliwa kilishushwa hadi tano, na mwaka 2021 hadi 3.5. Sababu yake ni kwamba kila utafiti ulipotazama chini zaidi, ulikuta madhara. WHO inasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Linganisha basi ajali hizi mbili. Katika ile ya kwanza, aliyezembea ndiye anayeungua. Katika hii ya pili, aliyezembea huenda asione lolote, na mwanawe akalipa.

Si mambo ya Wamarekani peke yao

Msomaji wa Kilifi, Kisumu au Nairobi anaweza kusema kwamba yeye hana bunduki wala kalibu ya risasi. Hata hivyo, chubwi inayozamisha mshipi wa mvuvi husubiwa kwa risasi ile ile na kwa njia ile ile. Betri ya gari iliyokufa imejaa risasi, na mtu anayetafuta madini ya bure huivutia macho. Hiyo betri ni mbaya kuliko yote. Ndani yake mna asidi ya salfa na unga wa risasi usiohitaji hata moto ili kuwa vumbi, na takataka za kuyeyusha vipande vyake huweza kutoa hewa zenye sumu kali zikilowa maji. Hata wasubuji wa Marekani huonyana waziwazi: betri usiiguse.

Bara letu limekwisha kulipa bei ya somo hili. Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer jijini Dakar, Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo wakazi walikuwa wakichukua risasi kutoka betri chakavu na kuchekecha mchanga uliochanganyika nayo. Wengi wa watoto hao hawakuwa wafanyakazi. Walikuwa wakiishi tu karibu na vumbi.

Na hapa nyumbani tuna Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa wenye wakazi wapatao 3,000. Kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri kilifanya kazi kando ya mtaa huo kuanzia mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Bi Phyllis Omido, aliyeajiriwa humo mwaka 2009, aliuona ugonjwa huo kwa mtoto wake mchanga, ambaye vipimo vilionyesha alikuwa na risasi katika damu. Kampeni aliyoiongoza ilimpatia Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mnamo Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha malipo hayo mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikayarejesha mnamo Desemba 2024.

Kiwanda na chungu cha nyuma ya nyumba havilingani kwa ukubwa. Lakini risasi ni ile ile, vumbi ni lile lile, na njia ya kumfikia mtoto ni ile ile ya nguo, mikono na udongo. Tofauti ni kwamba wakazi wa mtaa mzima wanaweza kwenda mahakamani. Mtoto aliyedhuriwa na chungu cha baba yake atamshtaki nani?

La kufanya

Shauri la kwanza ni kutosubu kabisa penye njia nyingine. Mvuvi anaweza kutumia jiwe, chuma au nati kuukuu kuwa chubwi. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vipande vingi vidogo vya risasi vya kuvulia samaki mwaka 1987 kwa sababu vilikuwa vikiwaua batamaji, na wavuvi wake hawakuacha kuvua.

Kwa anayelazimika, kazi hii isifanywe jikoni wala ndani ya nyumba ya kulala, na watoto pamoja na wanawake wajawazito wasikaribie. Sufuria, upawa na jiko vilivyotumika visirudi kupika chakula hata vikisuguliwa vipi. Asile, asinywe wala kuvuta sigara kazini. Sakafu isifagiliwe kavu, kwani ufagio hulirusha vumbi hewani. Ipanguswe kwa kitambaa kilicholowa. Takataka za chungu zihifadhiwe katika kopo lenye kifuniko, mbali na shamba, kisima na kuku.

Kisha iwepo mipaka ya nguo. Nguo na viatu vya kazi vivuliwe nje ya mlango na vifuliwe peke yake. Mikono na uso vioshwe kwa sabuni, mwili uogeshwe na nywele zisisahauliwe, ndipo mtoto apakatwe. Aliyekwisha kuifanya kazi hii kwa miaka amwombe daktari kipimo cha risasi katika damu kwa jina lake, kwa sababu vipimo vya kawaida havitaionyesha, na wanawe wapimwe pia.

Mzazi yeyote mwenye risasi ya bunduki nyumbani angeifungia kabatini na kuuficha ufunguo, asije mtoto akaichezea. Shati lililotundikwa nyuma ya mlango baada ya kusubu nalo lastahili uangalifu huo huo.